Vidhibiti Ubavuni mwa Ukulele wa Besi

Kijana atakaye kununua ukulele wa besi siku hizi haulizi kwanza habari ya ubao, wala ya shingo, wala ya nyuzi. Swali lake la kwanza ni kama chombo kina vidhibiti. Maana yake ni kile kisahani cha plastiki kinachopachikwa ubavuni, chenye vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti, vifundo vingine vya kurekebisha sauti nene na nyembamba, na kioo kidogo cha kupimia nyuzi. Akiambiwa kuwa hakina, hukirudisha mahali pake kama mtu aliyeonyeshwa saa isiyo na mishale. Muuzaji naye hana haja ya kumsahihisha, kwa kuwa chombo chenye vidhibiti humletea fedha zaidi. Nimeandika insha hii kuipinga desturi hiyo. Nasema kwamba mtu anayenunua ukulele wa besi wa kupigwa kwa umeme yampasa achague ule usio na vidhibiti, na fedha atakayobakiza aitie katika kikuzaji kizuri cha nje.

Nitaulizwa mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini katika mambo ya waya na betri. Afundishaye ushairi hawezi kuukimbia muziki, maana tungo zetu ziliimbwa kabla hazijapigwa chapa. Katika taarabu ya Unguja, ambayo vyama kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoasisiwa mwaka 1958, vimeilea hata ikafika kwetu, besi kubwa ya kusimama ndiyo inayoshika mwendo chini ya udi, kanuni na fidla. Lakini besi hiyo ni kubwa kuliko mchukuzi wake. Haiingii katika basi la abiria ila kwa ugomvi, na ikiingia hulipiwa nauli ya watu wawili. Si ajabu basi kwamba kikundi cha wanafunzi kisicho na gari hutamani chombo cha kubebwa kwapani chenye sauti ya kina kile kile. Wanafunzi hao huchanga fedha mwaka mzima kwa ajili ya chombo kimoja. Wao watamaliza masomo na kwenda zao. Chombo kitabaki kwa wengine ambao bado wako shule za sekondari. Kwa hiyo tunapojadili kisahani cha plastiki tunajadili kama chombo hicho kitakuwa hai baada ya miaka 10.

Ukulele wenyewe ni mgeni aliyepata uraia. Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias, ambao walitengeneza vyombo kwa mfano wa gitaa dogo la kwao, na watu wa Hawaii wakavipa jina na umaarufu. Besi ilikuja baadaye sana. Katika miaka ya 1980 Waingereza wawili, Alun Ashworth-Jones na Nigel Thornbory, walibuni besi fupi ya umeme iliyoitwa Ashbory, yenye nyuzi za mpira wa silikoni. Kisha Owen Holt akaitia fikira ya nyuzi za namna hiyo katika mwili wa ukulele mkubwa, na kampuni ya Kala ya California ikaisambaza duniani. Hapo ndipo ukulele wa besi ulipokuwa bidhaa ya madukani.

Nataja historia hii kwa sababu moja tu. Chombo hiki si gitaa la besi lililopunguzwa. Ni jawabu la swali gumu, na asiyelijua swali atakosea katika kuchagua jawabu.

Swali ni hili. Uzi mnene wa besi hutakiwa kutoa mitetemo 41 hivi kwa sekunde. Katika besi kubwa ya kusimama uzi huo una nafasi ya sentimita 105 hivi ya kutetemeka. Katika gitaa la besi ambalo Fender alilitoa mwaka 1951 una sentimita 86. Katika ukulele wa besi una sentimita 50 na kitu. Uzi ukikatwa nusu sauti yake hupanda maradufu. Ili sauti irudi chini bila uzi kulegezwa, yataka kila sentimita ya uzi iwe na uzito mara 4 ya kwanza. Chuma kizito namna hiyo kingekuwa fimbo badala ya uzi. Ndiyo sababu mafundi walikimbilia mpira na vitu vya jamii yake, ambavyo huwa vinene na vizito bila kukakamaa, na tena hukubali kulegezwa. Mtu akiligusa kwa mara ya kwanza hucheka, kwa kuwa nyuzi zake zafanana na kamba za manati. Akilitia katika spika huacha kucheka.

Sasa mpira hauna habari na sumaku. Kinasa cha gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya, nayo haioni kitu ila chuma. Mbele ya uzi wa mpira ni kipofu. Kwa hiyo ukulele wa besi hutumia kinasa cha namna nyingine, kiitwacho piezo, ambacho hulazwa chini ya kile kipande cheupe kilicho juu ya daraja, mahali nyuzi zinapokanyaga. Pierre Curie na ndugu yake Jacques walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Uzi ukitetemeka huibana na kuiachilia piezo, na umeme hupanda na kushuka kwa kuufuata uzi. (Mafundi wetu mjini hukiita kinasa hiki "pikapu", nami sina ugomvi nao, ila mwanafunzi mmoja aliyesikia kwamba pikapu ya besi imeharibika aliuliza tutasafiri na gari gani.)

Mwenzangu mmoja, mtu wa elimu na mpigaji hodari kuliko mimi, hushika hapo hapo na kuniambia: piezo ni kitu dhaifu, bila kikuzaji cha awali, kile ambacho mafundi hukiita priampu, sauti yake ya chini hupotea, kwa hiyo besi isiyo na kikuzaji ubavuni ni besi nusu. Hoja hii ndiyo nguzo ya upande wao wote, tena nusu yake ni kweli tupu, basi yastahili kupimwa kwa utulivu.

Umeme wa piezo ni haba kama maji ya kifuu. Kifaa chochote utakachokiunganisha nayo ni kama tundu chini ya kifuu hicho: ukinzani wa kifaa ukiwa mkubwa tundu ni dogo, na ukinzani ukiwa mdogo tundu ni pana. Mtetemo wa sauti nyembamba ni kijana wa mbio. Hata kifuu kikivuja, yeye hufika maji yangalimo. Mtetemo wa sauti nene ni mzee wa mwendo wa taratibu. Kifuu kikiwa na tundu pana hufika kikavu. Kwa hiyo kinachopotea kwanza ni sauti nene, yaani kile kile tulichonunulia besi.

Tuhesabu, maana katika mabishano haya watu hupenda kupiga kelele kuliko kuhesabu. Tuchukue piezo yenye uwezo wa kushika umeme wa nanofaradi 1. Ukiichomeka katika mashine ya kuchanganyia sauti, kwenye tundu la kawaida lenye ukinzani wa omu 10,000, sauti huanza kupungua chini ya mitetemo 16,000 kwa sekunde. Hii ni kusema kwamba huko chini kwenye besi hapasikiki kitu ila mkwaruzo wa vidole. Ukiichomeka katika kifaa chenye ukinzani wa megaomu 1, ambacho wengi hudhani kimetosha, upungufu huanza mitetemo 159, na ule uzi mnene wa mitetemo 41 hufika ukiwa na robo tu ya nguvu yake. Ukiichomeka katika kifaa chenye megaomu 10, upungufu hushuka hadi mitetemo 16, na uzi mnene hufika na zaidi ya sehemu 9 katika 10 za nguvu yake. Hesabu hii hubadilika kidogo piezo ikibadilika, lakini sura yake ni ile ile.

Basi mwenzangu amethibitisha nini? Amethibitisha kwamba piezo yahitaji kikuzaji chenye ukinzani mkubwa. Nakubali bila shuruti. Lakini hakuthibitisha hata kidogo kwamba kikuzaji hicho lazima kikae tumboni mwa chombo, seuze kiwe na vifundo vinavyochungulia ubavuni. Ameruka kutoka hitaji la kifaa hadi mahali pa kukiweka, kama mtu asemaye kwamba maadamu chakula chataka moto, jiko na liwe kitandani.

Hujibu kwamba waya ulio kati ya chombo na kikuzaji cha nje huila sauti. Tuhesabu tena. Waya wa kawaida una pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Waya wa mita 3 una 300. Piezo yetu yenye 1,000 itagawana umeme wake na waya huo, na kikuzaji kitapata sehemu 77 katika 100. Huu ni upungufu mdogo ambao hurudishwa kwa kuongeza sauti kidogo. Na yafaa kutazama jambo ambalo wabishi hawalitazami: gitaa la sumaku likipewa waya mrefu hupoteza sauti yake nyembamba, lakini piezo hupungua nguvu kwa usawa, nyembamba na nene pamoja, wala besi yake haipungui kuliko sauti nyingine. Hasara ya kweli ya waya mrefu ni kelele, kwa kuwa huokota mvumo wa taa na mitambo iliyo karibu. Dawa yake ni kutumia waya mfupi ulio mzuri, na kikuzaji kuning'inizwa mkandani au kuwekwa karibu na mguu wa mpigaji. Asiyeweza kukaa mita 2 kutoka kwenye kisanduku chake huyo anataka kucheza ngoma, hataki kupiga besi.

Baada ya kuiondoa nguzo hiyo, na tutazame kile kisahani kinatugharimu nini.

Kwanza ni betri. Kikuzaji cha ndani hakiwezi kuishi bila betri, ama ile ya mraba ya volti 9, ama vile vidonge bapa vya saa. Katika vyombo vingi kuchomeka waya ndiko kunakowasha umeme. Mpigaji akisahau kuchomoa usiku, asubuhi betri imekwisha. Betri ikichoka haimtumii mtu barua. Sauti huanza kukwaruza, kisha hufifia, kisha chombo kikawa ubao mtupu. Nimeona jambo hili harusini. Mwimbaji alikuwa ameingia ubeti wa pili, besi ikakoroma mara mbili na kunyamaza, na vijana wawili wakatumwa madukani saa 5 usiku kutafuta kidonge ambacho kila duka lilikuwa na ukubwa wake tofauti. Mpiga dumbaki akaubeba wimbo peke yake hadi mwisho. Kikuzaji cha nje nacho chaweza kutumia betri, lakini vingi hukubali pia waya wa umeme wa ukutani, na hata kikifa hukitoa na kuchomeka kingine bila kukigusa chombo.

Pili ni uzima wa chombo. Ukulele wa besi ni sanduku dogo. Ubavu wake ni ubao mwembamba uliokunjwa kwa moto, na nguvu ya ubao uliokunjwa imo katika kuwa mzima. Kisahani chataka tundu la mraba lililokatwa pale pale ubao unapopinda. Sisemi kwamba kila chombo kilichokatwa hupasuka. Nasema kwamba tundu hilo haliondoki tena. Mitambo ya umeme hubadilika kila baada ya miaka michache, na kila kiwanda hukata tundu kwa kipimo chake. Kikuzaji kikiharibika baada ya miaka 6, na pwani ambako hewa ya chumvi hula kila kiungo cha shaba hapana haja ya kungoja miaka 6, fundi atatafuta kingine cha kipimo kile kile na hatakipata. Hapo huanza ushonaji wa viraka: tundu hupanuliwa, au hufunikwa kwa kipande cha plaiwudi, au chombo hutupwa juu ya kabati. Nimepata kukiona chuoni kinanda cha namna hii, ubao wake mzuri, shingo yake imenyooka, nyuzi zake nzima, kimekaa kimya kwa sababu ya kisahani chenye thamani ndogo kuliko mfuko wake. Ubao huzidi kuwa mtamu kwa kuzeeka. Kisahani huzidi kuwa kisahani.

Mwenzangu hunijibu kwamba kikuzaji cha nje nacho huharibika. Naam, huharibika. Tena huibwa, husahauliwa ndani ya basi, na humwagiwa chai. Lakini kikiharibika hununuliwa kingine cha kiwanda chochote chini ya jua, nacho huingia kazini dakika ile ile, maana tundu la waya ni la kipimo kimoja dunia nzima. Na katika siku za kukosa fedha kikuzaji kimoja hutumika leo kwa ukulele wa besi, kesho kwa udi uliotiwa piezo, na keshokutwa kwa fidla. Kikundi maskini chaweza kuhudumia vyombo vitatu kwa kisanduku kimoja. Vidhibiti vya ubavuni humhudumia bwana mmoja tu na hufa naye.

Sijafika bado kwenye hoja iliyonifanya nishike kalamu, na hii si ya hesabu. Ni ya malezi ya sikio.

Mwanafunzi aliyeanza na chombo chenye vifundo hujifunza upesi kwamba sauti mbaya hutibiwa kwa kidole gumba ubavuni. Besi ikiwa na uvimbe hupunguza nene. Ikiwa kavu huongeza. Hajiulizi kama amekiweka kidole chake mbali sana na daraja, au amekiinua upesi, au ameudonoa uzi badala ya kuusukuma. Lakini katika nyuzi za mpira karibu kila kitu kimo katika vidole. Ukiupiga uzi karibu na daraja hutoa sauti ya kubana iliyo wazi. Ukiupiga juu ya mwisho wa shingo hutoa sauti ya mviringo kama ya besi kubwa ya kusimama. Ukiugusa kwa nyama ya kiganja baada ya kuupiga hukata sauti na kukupa mwendo mkavu unaotakiwa na ngoma. Hivi ni vidhibiti, tena visivyotaka betri. Mpigaji ambaye amenyimwa vifundo huvitafuta katika mkono wake kwa kuwa hana pengine pa kuvitafuta. Aliyepewa vifundo hupata sababu ya kutovitafuta. Mimi hufundisha insha, na nimeona jambo lile lile kwa wanafunzi waliozoea kamusi ya visawe kabla ya kuzoea lugha: kila sentensi yao ina neno zuri lililotoka nje ya sentensi.

Tena ni nani ajuaye sauti inayofika kwa wasikilizaji? Si mpigaji. Yeye yuko nyuma ya spika, kando ya ngoma, na sauti nene huzunguka ukumbini kwa njia zake, hapa ikajaa na hatua tatu mbele ikapotea. Ajuaye ni fundi mitambo aliye katikati ya ukumbi. Fundi huyo hupanga sauti ya besi kabla ya onyesho, akaridhika. Kisha katikati ya wimbo mpigaji hujisikia hafifu na kuzungusha kifundo, na kazi yote ya fundi huharibika pasipo yeye kujua kimebadilika nini. Muulize fundi yeyote aliyekesha katika kumbi zetu. Atakuambia kwamba adui yake mkubwa si mvua wala kukatika kwa umeme bali mpigaji mwenye vifundo karibu na kidole.

Kioo cha kupimia nyuzi ndicho kinachobaki katika sifa za kisahani, na vijana hukipenda kuliko vyote. Naungama kwamba nyuzi za mpira hulegea ovyo, hasa zikiwa mpya, na hutaka kupimwa kila mara. Lakini kipimio cha kubana kichwani mwa chombo ni rahisi na hufanya kazi hiyo hiyo. Kikishindwa kuutambua uzi mnene, mpigaji auguse uzi kidogo katikati ya urefu wake na kuupiga, utatoa sauti ya juu yake ambayo kipimio huikamata upesi. Na kikuzaji cha nje chenye swichi ya kunyamazisha humruhusu kupima bila kuusumbua ukumbi.

Iko njia ya kati ambayo watu wa kupenda suluhu huipendekeza: kikuzaji kidogo kilichofichwa ndani, kimeshikamana na tundu la waya, bila kisahani wala vifundo. Hapa ubavu hubaki mzima, na ukinzani mkubwa hupatikana karibu na piezo, na waya mrefu haudhuru. Kwa upande wa umeme ni suluhu safi, nami singemlaumu mtu aliyeichukua. Kasoro yake ni kwamba betri imo gizani. Katika baadhi ya vyombo kuna kifuniko mgongoni kwa ajili ya kubadilishia nyuzi, na kwa njia hiyo mkono hufika. Penginepo ni lazima kupapasa kwa vidole viwili katika tundu la sauti, kazi ambayo hufanywa na watu wasio na haraka, na mpigaji aliye jukwaani si mmoja wao.

Lakini kuna namna moja ya chombo ambayo nataka msomaji aikimbie kabisa, nayo haionekani kwa macho. Ni kile chenye kifundo kimoja cha sauti kilichounganishwa na piezo moja kwa moja, bila kikuzaji wala betri. Muuzaji hukisifu kwamba ni "sahili". Kifundo cha gitaa huwa na ukinzani wa omu 250,000 au 500,000, kwa kuwa kilitengenezwa kwa ajili ya sumaku. Kwa piezo yetu ile ile hicho cha 500,000 huanza kuikata sauti chini ya mitetemo 318, na cha 250,000 chini ya mitetemo 637. Hata ukileta baadaye kikuzaji cha megaomu 10 hakitakufaa kitu, maana kifuu kimekwisha kutobolewa kabla ya kufika. Afadhali kisahani chenye dhambi zake zote kuliko kifundo hiki kimoja. Na anayekifuata ushauri wangu wa kununua chombo kisicho na vidhibiti ahakikishe kwamba hakina hata hiki: kutoka piezo hadi tundu la waya pasiwe na kitu ila waya.

Nani basi anunue chombo chenye vidhibiti? Yuko. Ni mtu apigaye peke yake katika hoteli tatu kwa usiku mmoja, ambaye hana fundi, hana msaidizi, na kila mahali hukuta mashine ngeni yenye tundu lisilofaa. Kwake kubeba kila kitu ndani ya mwili mmoja ni nafuu ya kweli, na betri ya akiba mfukoni ni adhabu ndogo. Huyu ninamwachia kisahani chake kwa heshima. Ninachokataa ni kufanya haja ya mtu huyo kuwa sheria ya kila mnunuzi, hata mwanafunzi apigaye na wenzake 12 katika ukumbi wenye fundi.

Mwanafunzi huyo aendapo dukani, na afanye hivi. Achague chombo kwa masikio kabla ya kuchomeka kitu: apige kila uzi pale pale kaunta, asikilize kama sauti zote nne zina nguvu moja, maana piezo iliyokaa vibaya chini ya daraja itauonea uzi mmoja na wala hapana kifundo kinachoweza kumsaidia. Kisha achomeke na asikilize tena uzi kwa uzi. Achungulie ubavuni na kuona ubao mtupu. Aulize ukinzani wa kikuzaji anachouziwa, na akijibiwa kwamba "ni cha kutosha" aombe kusoma kijitabu chake. Akikuta chini ya megaomu 1 akirudishe, akikuta 5 au 10 afungue pochi. Mwisho aombe waya wa mita 2, asikubali ule wa mita 6 ambao muuzaji hutoa kama zawadi.